Kucha Nne za Mkono wa Kulia

Mwanamume mzima, mkata madonge wa kiwanda cha mikate, mwenye mabega ya kubebea milango na jina la utani la Nyundo, alikuwa na siri nne, na zote zilikaa kwenye mkono wake wa kulia. Moja ilikuwa kwenye kidole gumba, ya pili kwenye cha shahada, ya tatu kwenye cha kati na ya nne kwenye cha pete. Kidole cha mwisho hakikuhusika. Hicho kilikuwa raia mwema, ukucha wake umekatwa hadi kwenye nyama, na laiti vidole vingine vingekiiga, kisa hiki kisingekuwapo.

Kucha zenyewe hazikuwa za kutisha. Zilizidi ncha ya kidole kidogo tu, na zilikuwa zimezungushwa kwa msasa laini mpaka zikafanana na mbegu za boga. Nyundo alizisugua kila siku kwa mswaki na sabuni, kwa bidii ambayo mkewe aliwahi kusema kwamba, kama ingetumika kwenye meno ya ukoo mzima wa kina Nyundo, kusingekuwa na pengo hata moja kuanzia kwa babu. Haikuwahi kutokea mteja akauma mkate akakutana na ukucha. Hili lisemwe mapema, maana kuna watu wepesi wa kuhukumu.

Kucha zilikuwa za gitaa.

Gitaa lilikaa sebuleni, nyuma ya mlango, la nyuzi za nailoni, jepesi kama kapu tupu, limechubuka ubavuni. Nyundo alitoka kazini mchana, kwa sababu zamu yake ilianza wakati watu wa kawaida bado wanakoroma, na ngurumo ya mashine ya kukandia unga ilimfuata mpaka nyumbani kama mbwa asiye na mwenyewe. Ilipanda naye ngazi, ikaingia naye bafuni, ikakaa naye mezani. Katika hali hiyo ukimwuliza Nyundo jambo hujibiwi na Nyundo, unajibiwa na mashine: neno moja, zito, la kukusukuma kando. Mkewe alijua. Binti yake alijua. Hata jirani wa chini, mwenye mtoto mchanga na ulimi mrefu, alijua kutomsalimu kabla hajaoga.

Akishaoga, hukaa kwenye kigoda kati ya jiko na sebule, hupakata gitaa, huligusa.

Hakuna la ajabu alilopiga. Alijua nyimbo tatu, kila mmoja mpaka katikati, na akifika mahali pagumu kwenye mmoja alihamia mwingine, kama mtu anayetembelea majirani ili asioshe vyombo kwake. Utamu haukuwa kwenye nyimbo. Ulikuwa pale ukucha unapoukamata uzi na kuuvuta kidogo, na kabla ya kuuachia kuna kitambo kidogo cha kimya. Halafu sauti inatoka nzima, ya mviringo, haina makali ya nyuzi za chuma, na mbao inatetemeka kwenye mbavu za anayepiga. Baada ya muda ile ngurumo huondoka bila kuaga. Ndipo Nyundo huinua kichwa na kuuliza, "Haya, nyinyi leo mmeshindaje?" na nyumba nzima hushusha pumzi.

Siku zote hizo, mkaguzi wa mikono kiwandani alikuwa mzee mmoja ambaye macho yake yalistaafu kabla yake. Wafanyakazi walimwita Mzee Sawa. Walipanga mstari mlangoni, mikono mbele kama wanafunzi, naye akapita akisema, "Sawa, sawa, sawa." Inasemekana siku moja aliiambia sawa nguzo ya mlango. Kisha mzee akaenda kupumzika na macho yake, na nafasi yake ikachukuliwa na mama mmoja mwembamba, mpole wa sauti, mwenye tochi ndogo ya kuning'inia shingoni. Kabla ya chai ya kwanza watu walikuwa wameshampa jina: Bi Darubini.

Ijumaa hiyo ya kwanza hakukagua mtu. Alijitambulisha tu. "Jumatatu nitaanza na kucha," alisema. "Mwenye kucha anaondoka meza ya unga, anakwenda kupakia makreti kwenye magari. Si adhabu. Ni chakula cha watu."

Nyundo alirudi nyumbani. Alioga, akakaa kwenye kigoda, akapakata gitaa, asiliguse. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele, alisubiri sauti ya kwanza mpaka akachoka.

"Kuna nini leo? Limekufa?"

Nyundo akaeleza.

"Sasa si uzikate," mkewe alisema. "Kucha ni kucha. Zitaota."

"Zikiota nitazikata tena. Huyu si wa kukagua mara moja, ana tochi." Akaunyoosha mkono na kuuangalia kama mtu anayemsindikiza ndugu stendi. "Unakumbuka ule mwezi ukucha wa kati ulipovunjikia kwenye mlango wa gari?"

Mkewe aliacha kuchambua mchele. Aliukumbuka. Gitaa lililia kama mtu anayegonga godoro, Nyundo akaliweka chini, na mashine ikahamia ndani ya nyumba moja kwa moja. Ndio mwezi aliomwambia mama mkwe wake, mbele ya wageni, "Sogea." Neno moja tu. Mama mkwe alisogea mpaka kwake, na alichukua muda mrefu kurudi.

"Usinikumbushe," mkewe alisema.

Hapo ndipo binti aliponyanyua kichwa kutoka kwenye kochi. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, amelala chali miguu juu ya ukuta, akiwasikiliza wazazi wake kwa huruma ya daktari bingwa.

"Baba, tatizo lako ni dogo sana," alisema. "Mimi nimekaguliwa kucha, nywele, soksi, kitanda, sanduku na mawazo tangu kidato cha kwanza. Unataka kujua watu wanakosea wapi? Wanaficha. Ukificha, mkaguzi anatafuta. Wewe mwonyeshe kitu kingine cha kutazama."

"Kitu gani?"

"Bandeji. Vidole vyote vinne. Unafanya kazi karibu na tanuri, umeungua. Nani atafungua kidonda cha mtu?"

"Mimi simo," mkewe alisema, akarudi kwenye mchele. Lakini hakusema hapana, na katika nyumba ile tofauti hiyo ilijulikana vizuri.

Jumatatu mstari ulipangwa. Nyundo alisimama karibu na mwisho, mkono wa kulia umefungwa bandeji nyeupe kwa ustadi wa hali ya juu, na binti alikuwa ameipaka hata dawa ya manjano kidogo pembeni ili ionekane ina historia. Mbele yake alikuwa Moshi, mtu wa tanuri, rafiki yake tangu siku waliyoajiriwa pamoja, mtu mpole kama kondoo, mwenye nyusi zilizoungua nusu. Moshi aliitazama bandeji, akafungua mdomo kuuliza, na tochi ikafika.

"Pole, kaka. Umefanya nini?"

"Nimeungua, Mama."

"Na nini?"

Kosa la Nyundo lilikuwa hapo. Binti alimfundisha kuungua, hakumfundisha na nini. Akatafuta kichwani, akakuta kitu cha kwanza kilichokuwa karibu.

"Trei. Niliegemea trei ya moto pale kando ya meza, Ijumaa wakati wa kutoka."

"Umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda."

Bi Darubini akazima tochi. Uso wake ukalainika, na Nyundo akatamani usingelainika. "Pole sana. Mkono huo usiguse unga. Nenda nyumbani upumzike mpaka upone, nafasi yako ipo." Kisha akageuka kuelekea tanuri, akaiangalia meza, akaiangalia njia iliyo katikati, midomo imekaza.

Nyundo aliteremka barabarani akijisikia kama mtu aliyeiba baiskeli, halafu mwenye baiskeli akamsaidia kuisukuma mlimani.

Kwa haki, siku hiyo ilipaswa kuwa sikukuu. Nyumba, kigoda, gitaa, na mchana mzima bila ngurumo yoyote kichwani. Alifungua bandeji, akaining'iniza begani kama taulo, akaanza. Lakini kila mlango uliofungwa chini ulimsimamisha. Kila kiatu kwenye ngazi kilikuwa cha Bi Darubini. Alipiga vipande viwili, akanyamaza, akasikiliza, akapiga kimoja, akanyamaza. Hata kile kimya cha kabla ya sauti, ambacho zamani kilikuwa kitamu kuliko vyote, sasa kilikuwa nafasi ya kutegea sikio.

"Unapiga kama mtu anayeiba," mkewe alisema akipita na ndoo.

Siku ya pili mchana viatu vya kweli vikapanda, vikasimama mlangoni, na sauti ikaita, "Hodi hapa."

"Ni baba mdogo Moshi," binti alinong'ona. Alikuwa ameshika bandeji tayari. Baba akanyoosha mkono, binti akafunga, mbio mbio, meno yakisaidia. Gitaa likaingia nyuma ya pazia. Mama akafungua.

Moshi hakukaa alipoonyeshwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono katikati ya magoti, akiangalia sakafu.

"Shemeji, mimi sikuja kwa chai," alisema. "Nimekuja kumwomba ndugu yangu msamaha."

"Msamaha wa nini?" Nyundo aliuliza, na moyo wake ulikuwa umeshajua.

"Trei za moto ni zangu. Hakuna mwingine anayezitoa. Nimekaa nikifikiri ni lini niliacha trei kando ya meza yako, na sikumbuki. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba sikumbuki. Bi Darubini naye amesema mtu asiyekumbuka alipoweka trei hafai tanuri." Akameza mate. "Ananitoa. Nitakwenda kuosha trei. Ila amesema kwanza atakusikiliza wewe. Kesho tunakuja wote na mkate."

Pale kiwandani kulikuwa na jambo lao. Mtu akiungua, mkate wa kwanza wa siku hauuzwi. Wenzake wanaupeleka nyumbani kwake, na mwenye tanuri anaumega kwa mkono wake na kumlisha tonge la kwanza, ili yule aliyeungua asije akauchukia moto wala mwenye moto. Nyundo mwenyewe alishapeleka mikate kama hiyo. Alishawahi hata kulia kidogo, akasingizia vitunguu, ingawa hapakuwa na vitunguu.

"Mwambie ukweli tu," Moshi alisema, akisimama. "Mimi sitakulaumu." Akamtazama Nyundo mikono, akatikisa kichwa kwa uchungu, akaondoka bila kunywa hata maji.

Mlango ukafungwa. Mkewe ndiye aliyesema kwanza.

"Baba mtu, mkono ulioungua ni upi?"

Wote wakatazama. Bandeji, iliyofungwa vizuri kabisa kwa muda mfupi kama ule, ilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

"Hakuona," binti alisema haraka. "Ana huzuni. Watu wenye huzuni hawaoni mikono." Alipoona hakuna anayecheka, alikaa chini. "Basi kuna njia. Baba aseme trei aliiweka mwenyewe. Kosa lake. Baba mdogo anabaki na tanuri, kucha zinabaki na Baba, kila mtu anapona."

"Umefundishwa na nani mambo haya?" mama yake aliuliza.

"Serikali, Mama. Kwa mtaala."

Lakini Nyundo alikuwa amelipokea wazo lile kama mtu anayezama anavyopokea gogo. Lilikuwa zuri. Uongo mmoja mdogo juu ya uongo mwingine, na rafiki yake yuko salama. Jioni yote alijifundisha sentensi hiyo: niliiweka mwenyewe. Aliisema akila. Aliisema akipiga mswaki. Kila alipoisema tumbo lilizidi kujikunja, akajiambia ni njaa, akala tena.

Wakaja. Bi Darubini mbele na tochi yake shingoni, nyuma yake dada wa kufunga mikate kwenye karatasi, kijana mmoja wa makreti, na Moshi, amebeba mkate umefunikwa kitambaa cheupe kama mtoto wa kutahiriwa. Sebule ikajaa. Mkewe Nyundo aliwapa viti na kukaa karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo mtu anaweza kutoroka kwa heshima.

"Kaka," Bi Darubini alisema, "sitaki kukuchosha. Niambie tu trei ilifikaje pale."

"Niliiweka mwenyewe," Nyundo alisema, haraka mno.

"Wewe?"

"Mimi. Niliivuta nipate nafasi, nikasahau. Moshi hahusiki hata kidogo."

Dada wa karatasi akashika kifua. Kijana wa makreti akasema chini kwa chini, "Huyu ni mtu." Bi Darubini akamtazama Nyundo kwa jicho la mtu aliyekata tamaa na binadamu kisha akapata mmoja. Binti, nyuma ya kochi, alikuwa karibu kupiga makofi.

Aliyeharibu ni Moshi.

"Usinifunike, ndugu yangu," alisema. "Mama, anasema hivyo kwa sababu ananipenda. Meza yake haina hata glavu ya kushikia trei. Angeivutaje? Ni mimi. Andaa mtu mwingine wa tanuri, mimi nitaosha." Alikuwa ameshaamua kuwa na hatia, na hapakuwa na nguvu ya kumtoa humo. Akaufunua mkate, akaumega. Ulikuwa bado na uvuguvugu katikati. Akainama mbele ya Nyundo na kumnyooshea tonge hadi mdomoni. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya miaka yote ya tanuri, makovu ya kweli.

Nyundo alipokea tonge. Likakaa mdomoni. Alijaribu kulimeza, likagoma. Akajaribu tena. Watu wakasubiri, kwa adabu, kama watu wanaosubiri mgonjwa. Mwishowe akalitoa, akalishika kiganjani, na kwa meno na mkono wa kushoto akaanza kufungua bandeji, iliyokuwa imerudi mkono wa kulia.

"Taratibu, kaka, utajiumiza," Bi Darubini alisema, na kwa mazoea akawasha tochi.

Bandeji ikaanguka. Mwanga ukapita kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete. Ukarudi. Ukapita tena.

"Hizi ni kucha," Bi Darubini alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Zimepona vizuri."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa makreti alitaka, dada wa karatasi akamkanyaga.

"Sikuungua," Nyundo alisema. "Hapakuwa na trei. Moshi hajaacha trei popote. Nilisema trei kwa sababu ndiyo niliyoiona kwanza."

Moshi alikuwa bado ameinama. Alijinyoosha polepole. "Na mkono mwingine je?"

"Mkono upi?"

"Juzi ulifunga wa kulia. Jana nilikukuta umefunga wa kushoto." Aliisema bila hasira, kama mtu anayehesabu nguo zake zilizoibiwa. "Nilidhani nimekuunguza yote miwili, wewe ukaficha mmoja nisijisikie vibaya. Sikulala."

Nyundo aliutazama mkono wake wa kushoto. Binti, nyuma ya kochi, aligundua kwa mara ya kwanza kwamba kochi lile lilikuwa fupi.

"Za nini?" Bi Darubini aliuliza. "Mwanamume na kucha. Ni za nini?"

"Za gitaa."

"Unapiga harusini? Una bendi?"

"Hapana, Mama. Hapa tu. Nikitoka kazini."

"Unampigia nani?"

"Simpigii mtu."

Bi Darubini akazima tochi. Hakuamini, na huwezi kumlaumu; uongo ule ulikuwa mkubwa mno kwa sababu ndogo kama ile. "Piga nisikie," alisema.

Mkewe akalitoa gitaa nyuma ya pazia. Nyundo akakaa kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiwa na watu waliokaa kwenye viti wakimwangalia. Jasho lilimtoka. Alianza wimbo wa kwanza, akafika pagumu, akahamia wa pili, vidole vikateleza, uzi mmoja ukalia vibaya kama paka aliyekanyagwa, akahamia wa tatu, nao ukaishia katikati, akasimama. Alikuwa hajawahi kupiga vibaya namna ile. Walisikiliza mpaka mwisho kwa nyuso za watu walio msibani kwa mtu wasiyemfahamu.

"Ni hiyo tu?" Moshi aliuliza.

"Ni hiyo tu."

"Mimi ningeng'olewa kwenye tanuri kwa ajili ya hiyo."

Nyundo akaliweka gitaa chini. Angeweza kueleza habari za mashine, za ngurumo inayopanda ngazi, za mama mkwe. Aliona hakuna neno katika hayo ambalo Moshi alipaswa kulisikia. Akamgeukia Bi Darubini. "Mama, una kikata kucha?"

Bi Darubini alikuwa nacho, bila shaka, mkobani, ndani ya kifuko chake.

Alizikata mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa na mazoea. Zilikuwa ngumu. Kila moja ilitoa mlio mkavu, na mkewe akasogeza kisosi bila kuambiwa. Ya gumba ilichukua muda. Alipomaliza, ncha za vidole zilionekana za mtu mwingine, laini, nyekundu, kama vitu vilivyotolewa ndani ya maganda kabla ya wakati.

"Makreti," Bi Darubini alisema akiinuka. "Si kwa kucha. Kucha zimekwisha. Kwa trei. Na utakaa huko mpaka nikuite. Moshi, tanuri ni lako."

Moshi akaitikia kwa kichwa. Akaufunika mkate kwa kile kitambaa, akauweka kwapani. "Huu ni wa aliyeungua," alisema, akatoka nao.

Zikafuata siku za makreti. Uwanja wa kupakia haukuwa na mashine ya unga; ulikuwa na injini za magari na madereva, ambao ni wabaya zaidi. Nyundo alirudi nyumbani na ngurumo mpya, akaoga, akala, akajibu maswali kwa neno moja moja. Gitaa lilirudi nyuma ya mlango. Mkewe alianza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kazini, Moshi alimsalimu kama anavyowasalimu watu wengine wote, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Zamani alimsalimu kwa kumtukana.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, binti alilichukua gitaa nyuma ya mlango, akamwekea baba yake pajani bila kusema kitu, akaenda kufunga sanduku lake chumbani. Mlango aliuacha wazi.

Nyundo alikaa nalo. Kisha akaugusa uzi wa juu kwa nyama ya kidole. Godoro. Akagusa mwingine. Godoro. Akawaza kwamba basi, ndivyo itakavyokuwa sasa, makreti na madereva na nyumba inayotembea kwa vidole mpaka azeeke. Akasogeza mkono kutoka karibu na daraja la nyuzi hadi juu ya tundu, akajaribu tena, bado. Akasogeza hadi pale shingo inapoungana na mwili, akalaza kidole ubavu badala ya kukisimamisha, akavuta polepole. Kitu kikatoka. Kilikuwa kidogo, kizito, kimefifia pembeni, na ilimbidi ainamishe kichwa hadi shavu likagusa mbao ili akisikie. Hakikuwa kama zamani. Akavuta kingine.

"Hapo umekosea," binti alisema kutoka chumbani.

"Najua."

"Baba."

"Nini?"

"Basi tu." Kisha, baada ya muda, "Samahani."

Baba hakujibu, maana alikuwa amefika mahali pagumu.

Bi Darubini alimwita arudi meza ya unga siku ambayo hakuitegemea. Alfajiri Nyundo akasimama kwenye mstari, mkono wa kulia mbele, kucha zimekatwa hadi zinauma, na bado akijiona kama mwizi. Tochi ikafika. Ikapita kwenye vidole vitano, ikaridhika.

"Na wa kushoto," Bi Darubini alisema.

Akaunyoosha. Tochi ikasimama. Bi Darubini akainama, akaushika mkono, akaubinya kwenye ncha za vidole vinne, kimoja kimoja. Zilikuwa ngumu, zimefanya ngozi nene ya kung'aa, na kila moja ilikuwa na mfereji mwembamba katikati.

"Na hizi ni nini?"

Mstari mzima ukageuza shingo. Moshi, mtu wa tatu kutoka hapo, aligeuka na kukazia macho mkono ule.

"Sugu, Mama," Nyundo alisema. "Za nyuzi."

"Bado unapiga?"

Angeweza kusema ni za makreti. Neno lilikuwa tayari, fupi, karibu, la kwanza kuonekana. "Bado," alisema. "Kila siku. Inatoka vibaya."

Bi Darubini akabinya tena, akakwaruza kwa ukucha wake mfupi, akatazama kama kuna kinachobanduka. Hakuna kilichobanduka. Alifikiri kwa muda uliomtosha Nyundo kuliona gari la makreti, dereva wake, na maisha yake yote juu ya gari lile.

"Hazidondoki kwenye unga," aliamua, na kuzima tochi. "Pita."

Nyundo akapita, upesi, mikono yote miwili kifuani, kabla Bi Darubini hajabadili mawazo.